Kamati ya Kwenda Kuona Miti

Oakland, California
Ijumaa usiku, Julai

Mama, nimesikia hapo Kinampanda alizeti imeshapigwa na magunia yamejaa sebuleni mpaka wageni wanakaa juu yake. Msimpe dalali wa kwanza. Huyo wa kwanza siku zote anakuja kupima njaa ya mtu, alizeti atapima baadaye.

Kesho Jumamosi tunakwenda kuona miti. Usianze kucheka, Mama. Ni wewe uliyekuwa ukinitua mzigo wa kuni, kwa hiyo unajua kuwa miti nimeiona. Na hapo nyumbani mtu akitaka kwenda porini anachukua panga, anaaga au haagi, anakwenda. Huku mti una miadi.

Msitu wenyewe unaitwa Muir Woods. Uko kama kilomita 18 kaskazini mwa lile daraja jekundu la San Francisco lililopo kwenye kalenda niliyowatumia. Ni msitu wa asili ambao wakata mbao hawakuwahi kuumaliza, na miti yake, redwudi, mingi ina umri wa miaka 600 hadi 800. Tangu Januari 2018 hufiki na gari bila kuwa umelipia mapema nafasi ya kuliegesha, au nafasi kwenye basi lao. Nafasi zinaanza kuuzwa siku 90 kabla. Siku 90, Mama! Kwa muda huo hapo kwetu mtu anachumbia, anatoa mahari, anaoa, na wazee wanaitwa kuwasuluhisha mara ya kwanza. Zikibaki siku tatu wanatoa nafasi nyingine chache, na hizo ndizo zetu sisi, maana Mtanzania gani anajua leo atakuwa wapi baada ya siku 90?

Ukishalipa unapewa saa yako. Yetu ni saa mbili na nusu asubuhi, na kuanzia hapo una nusu saa ya kuingiza gari. Nusu saa kwetu ni muda wa kutafuta kiatu cha mtoto. Kwa hiyo katibu akaandika kwenye grupu la WhatsApp kuwa nafasi yetu ni saa moja na nusu, na ukweli tukabaki nao katibu, mweka hazina, dereva na mimi. Baadaye nimekuja kujua kuwa kuna familia zimeambiwa saa nyingine kabisa, kila moja kulingana na historia yake kwenye harusi za watu.

Ndiyo, kuna katibu. Watanzania watatu wakikubaliana kwenda mahali, kamati inazaliwa hapo hapo. Tuna mwenyekiti ambaye haji safari yenyewe, ana zamu kazini, lakini amefungua kila kikao na kukifunga. Tuna kamati ndogo ya usafiri. Tuna kamati ya sare, kwa ajili ya miti. Akina dada walikuwa wamekubaliana kitenge cha kijani, mtu mmoja akauliza nani atatuona kwenye picha tukiwa kijani ndani ya kijani, mjadala ukaenda mpaka usiku wa manane, sasa tunavaa rangi ya chungwa. Watalii wa kesho watadhani sisi ni wafanyakazi wa barabara.

Msiba mkubwa ulikuwa chakula. Kamati ya chakula ni mama mmoja wa Tanga, peke yake, na hataki msaidizi. Alikuwa ameshanunua nyama, ameshachagua mchele, ndipo katibu akasoma masharti: ndani ya msitu hakuna pikiniki. Hakuna pa kutandika mkeka, hakuna jiko, hakuna sufuria kuzunguka. Yule mama akatuma ujumbe mmoja tu: “Sasa tunakwenda kufanya nini?” Swali likakaa kwenye grupu bila jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa nalo. Kutembea chini ya miti na njaa ni kitu tulichokifanya bure tangu utotoni. Mwishowe ikaamuliwa kuwa pilau itabaki kwenye buti, tutaona miti haraka haraka, halafu tutateremka pwani ya Muir Beach, kilomita chache mbele, tukale kwa heshima. Ukiangalia ratiba aliyoiandika yeye, miti imepewa saa moja, chakula saa nne.

Usafiri haukuwa na shida. Barabara ya kule ni nyembamba na ina kona nyingi, magari marefu yamekatazwa, na watu walikuwa wanaogopa. Lakini dereva wetu ni kijana wa Shelui, amekua akihesabu malori yaliyolala mlima wa Sekenke. Ameziangalia kona hizo kwenye simu, akasema kona za huku zina adabu.

Aliyetusumbua ni mweka hazina. Huyu ni mtu wa Marangu, na nadhani nimeshakueleza vya kutosha. Kiingilio ni dola 15 kwa mtu mzima, watoto hadi miaka 15 wanaingia bure, na maegesho yanalipwa kando. Akazikusanya hela za watu vizuri, risiti kila mtu. Ilipofika zamu yake kutoa, akauliza mti mrefu kuliko yote mle una urefu gani. Katibu akamjibu kwa majivuno: karibu mita 79. Basi akatulia kidogo, akatuma maelezo marefu. Kwao Kilimanjaro, kwenye bonde moja la mlima, upo mkukusu wa mita 81 na nusu, ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Mtaalamu wa Kijerumani Andreas Hemp na wenzake waliutangaza kwenye jarida la kisayansi mwaka 2016. “Mimi,” akaandika, “nilipe dola 15 kwenda kuona mti mfupi kuliko wa kwetu?”

Mama, tulihangaika. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi kwa mita mbili na nusu. Wengine wakaitetea redwudi: wakasema hapa ni mifupi, yenyewe iko juu kaskazini, kwenye hifadhi ya Redwood, ambako kuna mmoja unaitwa Hyperion, karibu mita 116, mti mrefu kuliko yote inayojulikana duniani. Akauliza, basi kwa nini tusiende huko. Hauendeki. Uligunduliwa mwaka 2006, watu wakaukanyagia mizizi kwa kupiga picha, na mwaka 2022 walinzi wa hifadhi wakaufunga: ukikutwa pale ni faini ya hadi dola 5,000 na jela hadi miezi sita. Hapo mtu wa Marangu akapiga hesabu, akaona dola 15 si mbaya.

Baba yeye aliponipigia aliuliza kitu kimoja: mti mmoja unatoa mbao ngapi? Nikamwambia haikatwi. Akanyamaza. “Hata uliokauka?” Hata ulioanguka, Baba. Unaachwa pale pale, uoze, wadudu wale, miche iote juu yake. Akasema ni lazima uwe serikali tajiri kwanza ndipo uweze kuozesha mbao namna hiyo.

Lakini walikata, Baba, na walikata hasa. Redwudi ya asili ilikuwa imefunika kama hekta 800,000 za pwani hii, na leo imebaki kama asilimia 5. San Francisco ilijengwa kwa mbao hizo, na ilipoungua baada ya tetemeko la 1906 ikajengwa tena kwa mbao hizo hizo. Bonde hili lilipona kwa sababu lina miteremko mikali, kuutoa mti mle ilikuwa kazi. Kisha mwaka 1905 tajiri mmoja, William Kent, na mkewe Elizabeth wakalinunua kwa dola 45,000. Kampuni ya maji ikataka kulichukua ijenge bwawa. Kent akaona kesi anashindwa, akafanya hila nzuri kweli: akaitoa sehemu yenye miti mikubwa bure kwa serikali kuu, maana kampuni haiwezi kuinyang’anya serikali. Tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akatia saini. Akataka msitu uitwe jina la Kent, Kent akakataa, akataka uitwe la John Muir, yule mzee aliyekuwa akiipigania misitu ya Marekani kwa kalamu.

Na sasa sikiliza walivyofanya Roosevelt na Muir. Roosevelt, mlinzi wa miti, alipomaliza urais mwaka uliofuata tu akashuka meli Mombasa na mwanawe, bunduki mkononi, wakaua wanyama 512 kuanzia Afrika Mashariki hadi Nile, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Muir naye, akiwa na miaka 73, alivuka bahari peke yake, na Januari 1912 akafika maporomoko ya Victoria. Unajua alifuata nini? Mibuyu. Mzee mwenye msitu wa redwudi wenye jina lake alisafiri nusu ya dunia kuishangaa mibuyu, akafurahi ajabu, kisha akapanda hadi Mombasa, Nairobi na Ziwa Victoria kabla ya kurudi kwake. Hakuna aliyemdai kiingilio wala kumpa nusu saa ya kuegesha. Ile mibuyu tunayoipita kwenda Dodoma bila hata kugeuza shingo, tukiwa tumelala ndani ya basi, ndiyo aina ya mti aliouendea.

Nyongeza kwa Baba peke yake, kwa kuwa alifundisha historia. Mei 1945, wajumbe waliokuwa San Francisco kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa waliletwa kwenye msitu huu kumkumbuka Rais Roosevelt mwingine, Franklin, aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mkataba huo ndio ulioanzisha mfumo wa udhamini ambao Tanganyika iliwekwa chini yake, na ndio uliompa Mwalimu Nyerere mlango wa kwenda kuzungumza New York mwaka 1955. Nimewaambia wenzangu kesho tusimame dakika moja pale waliposimama wale wajumbe. Mama wa Tanga ameuliza hiyo dakika itatoka kwenye saa ya miti au ya chakula.

Baba mdogo ameagiza mbegu. Mwambie kwanza mle hutoki hata na jani. Pili, mbegu yenyewe ni ndogo kama ya nyanya, haifanani kabisa na mzazi wake. Tatu, huu mti unakunywa ukungu. Huku kiangazi hakina mvua, lakini kila asubuhi ukungu unapanda kutoka baharini, unanasa kwenye majani, unadondoka chini, mizizi inanyonya, na karibu theluthi ya maji yake kwa mwaka inatoka huko. Ndiyo maana nimeambiwa nibebe sweta Julai. Aupande Iramba, Septemba ikifika na ule upepo, atakuwa amepanda kuni. Akitaka mti wa sifa, aanze na mbuyu, ana miaka 1,000 ya kuusubiri.

Jambo la mwisho, na la muhimu. Mle msituni hakuna mtandao wa simu kabisa, hata karatasi ya maegesho inabidi uipakue nyumbani kabla hujaondoka. Nimeitoka Kinampanda yenye mtandao nikaja Marekani isiyo nao. Kwa hiyo kesho, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni ya hapo hadi kama saa nne usiku, simu yangu haitapatikana. Mjulishe Shangazi wa ada ya shule, mjulishe na yule binamu wa pikipiki. Baba mdogo naye, ile habari ya pampu aitume leo leo, au asubiri Jumapili baada ya ibada.

Mwanao.