Sifa za Mpini Msafiri

Makali yana wasemaji wengi. Leo nausemea mpini. Nemba, wilayani Biharamulo, kama kwingi Tanzania, jembe hununuliwa dukani likiwa chuma kitupu, mpini ukachongwa nyumbani au ukatafutwa kando kwa fundi. Basi watu wakadhani mpini ni kijiti tu. Wasubiri siku mfanyabiashara atakapotaka kupeleka zana Rwanda kupitia Rusumo, ama Burundi kupitia Kabanga, ndipo watajua bwana ni nani.

Chuma ni kitiifu. Majembe hupakwa mafuta yasishike kutu, yakapangwa moja juu ya jingine, yakafungwa waya na kuingia robani bila neno. Mapanga nayo hulazwa, makali yakifunikwa maboksi yasimkate kuli. Mpini haukubali unyonge huo. Ukiulaza, unatoboa roba. Ukiusimamisha, unagombana na turubai. Ukifungwa matita, uzito ni mdogo lakini nafasi inayoliwa ni kubwa, na mwenye lori hudai nauli ya nafasi. Ni abiria gani mwingine anayelipiwa hata pengo lililopo kati yake na mwenzake?

Tufike forodhani. Mfumo wa kuainisha bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988 na unaofuatwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, umeweka sepetu katika 8201.10, majembe, sururu na reki katika 8201.30, mashoka na mapanga katika 8201.40. Nyundo ikatengewa 8205. Hao wote ni wakazi wa sura ya 82 hadi kufa kwao.

Mpini wa mti, lo! Huo una uraia pacha, ule ambao Watanzania wa ughaibuni wanaulilia mpaka leo. Ukisafiri peke yake ni jamaa wa mbao: sura ya 44, namba 4417. Ukichomekwa kwenye jembe, papo hapo umehamia sura ya 82. Tena si lazima uchomekwe: kwa kanuni ya 2(a) ya mfumo huohuo, kitu kilicholetwa vipande vyake vikiwa pamoja huhesabiwa kizima. Majembe 100 yakiandamana na mipini yake 100, yote ni majembe. Mwenye mali akiongeza mipini 20 ya akiba, hiyo 20 inarudi kuwa mbao na kudai mstari wake kwenye ankara. Ofisa akitaka kujua ni ipi hasa katika lile tita, aiulize mipini yenyewe.

Anayeona nimezidisha sifa aitazame Nembo ya Taifa. Pale kwenye ngao jembe na shoka vimepishana, na macho yetu hukimbilia vyuma. Lakini kinachopishana ni mipini. Ing'oe, halafu uniambie jembe la 8201.30 na shoka la 8201.40 yatakutania wapi.