Poti ya 53 Haitunzi Siri

Daftari la mahudhurio linaonyesha nani amefika kazini. Akishafika anafanya nini, hilo kaulize tcpdump.

Programu hii iliandikwa Marekani mwaka 1988, katika maabara ya Lawrence Berkeley, na mpaka leo haina picha wala kitufe. Unaandika amri, inakumwagia kila pakiti inayopita. Na ukiiwasha hivihivi kwenye seva uliyoiingia kwa mbali kupitia poti ya 22, utaona kituko: kila mstari unaotokea husafirishwa kwako kwa pakiti, pakiti hiyo nayo hunaswa, huandikiwa mstari wake, mstari nao husafirishwa. Ni mtu anayejibizana na mwangwi wake. Ongeza "not port 22", utulivu unarudi.

Meneja wetu hakuwa na haja na elimu hiyo. Alitaka jina la "anayekula intaneti". Nilikuwa nimeshanasa pakiti za asubuhi nzima kwenye seva inayotugawia mtandao, nikazihifadhi kwenye faili kwa -w. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu. Mhasibu naye akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Umbea wa bure haukosi hadhira.

"Anza na 443," akaagiza, maana alishasikia kwamba tovuti nyingi hupitia huko. Nikalisoma faili kwa -r, nikachuja port 443. Mistari ikamiminika: anwani, ukubwa wa mizigo, basi. Kilichomo ndani kimefungwa.

"Sasa hii inanisaidia nini, kijana?"

Nikahamia 53. Huko ndiko kompyuta huulizia jina la tovuti kabla ya kwenda, na kwa kawaida huuliza waziwazi, bila kuficha kitu. Nikaweka -n, programu isije nayo ikaanza kuulizia majina ya anwani na kutuchelewesha.

Jina la duka la vitenge lilipopita, mhasibu alikumbuka ghafla kwamba ana hesabu za kufunga. Mapokezi walikuwa kwenye tamthilia. Lakini kulikuwa na anwani moja iliyowafunika wote: matokeo ya mpira, mikeka, matokeo, mikeka, tangu asubuhi.

"Huyu nani?" meneja akafoka. "Leo leo aandike barua ya kujieleza!"

Nikafungua orodha ya anwani. Nikaisoma mara mbili.

"Mzee, hii ni laptop yako."

Feni ikasikika vizuri sana.

"Hiyo programu," akasema taratibu, "inachuja poti tu, au hata mtu inaweza kumchuja?"

"Inaweza, mzee."

"Basi mchuje."

Nikaandika: port 53 and not host 192.168.1.12. Ripoti ikapanda kwa mkurugenzi, kila mstari wake wa kweli.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiletewa ripoti ya mtandao, omba na amri iliyoitoa. Anza kusoma pale penye "not".