Ushauri wa Gari-Nyumba

Marekani, mtu akichoka kukaa mahali pamoja hununua gari-nyumba: ndani mna kitanda, jiko, friji hata bafu. Lakini kabla ya kulipa hukosa usingizi. La futi 25 au 40? Dizeli au petroli? Tangi la maji lita ngapi? Kisha huuza nyumba yake, akatangaza kwamba sasa yu huru.

Angekuja Kasulu, Tanzania, tungempeleka Mtabila akajifunze kuhama bila kuumiza kichwa. Warundi waliishi kambini pale tangu miaka ya 1990. Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi ya wengi wao ikakoma. Kufikia mwisho wa mwaka kambi ikafungwa. Usafiri wa kuwarudisha Burundi ulikuja umeshachaguliwa: basi la watu, lori la mizigo. Hakuna aliyesumbuliwa kwa maswali ya futi wala rangi ya mapazia. Hata tarehe walipangiwa. Kuna waliofika kwao wakakuta shamba la baba lina mwenyewe mpya.

Basi, ndugu mnunuzi, tangi lisikutie presha. Chukua lolote, mradi ufunguo wa kuliwasha ukae mfukoni mwako, na pa kuegesha usifukuzwe.