Kiti Kisiimbe

Mume wangu alipogeuza chumba cha nyuma kuwa studio, hapa kwetu Mkongani, alishughulikia kila kitu kabla ya pa kukalia. Kuta alizifunika magodoro, mlangoni akatundika blanketi zito, maikrofoni akaiagiza Mombasa. Kisha akashuka Ukunda, akarudi kwa bodaboda na kiti cha ofisi: cheusi, cha rexini, chenye magurudumu na mikono mipana.

"Hiki mtu atakaa kutwa asichoke, mama watoto," aliniambia.

Wa kwanza kukikalia alikuwa mjomba wake, aliyekuja kurekodi kayamba. Ala hiyo hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa mbele ya kifua, vidole gumba vikigonga mdundo. Lazima viwiko vipate nafasi. Mikono ya kiti ilimbana. Alipojivuta mbele, magurudumu yakateleza kwenye saruji, nusura mzee aanguke na kayamba lake.

"Mwanangu," akasema, "niletee kigoda."

Kigoda kilimtosha kwa wimbo mmoja tu. Wa pili mgongo ukadai pa kuegemea.

Ikafika zamu ya binti yetu kuimba. Wakati wa kurekodi feni huzimwa, maana maikrofoni huunasa mvumo wake. Chumba kikawa tanuri. Jasho likamgandisha kwenye rexini, na kila alipovuta pumzi ngozi ikabanduka kwa mlio, mlio ukaingia kwenye wimbo. Tukatandika kanga, ikateleza. Tukatia springi mafuta, zikanyamaza asubuhi, jioni zikalia tena. Mwishowe gesi inayokiinua kiti ikalegea: mtoto akiimba, kiti kinashuka, mdomo unaiacha maikrofoni, sauti inafifia.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Mwiteni seremala," alisema, "na huyo mtoto awepo apimwe, kama anavyopimwa nguo."

Seremala alitengeneza kiti kisicho na mikono. Viungo alivichonga ndimi zinazoingia kwenye matundu, akatia gundi, bila msumari hata mmoja. Huku kwetu unyevu huitia misumari kutu, mbao zikavimba masika na kusinyaa kiangazi, kiungo kikalegea na kuanza kulia. Kikalio na mgongo alivisuka kwa kamba, hewa ipite. Urefu aliupima nyayo zikiwa zimekanyaga chini na magoti yasizidi nyonga, ili tumbo lisikunjike na pumzi ishuke hadi chini. Miguuni akabandika kwa gundi vipande vya tairi kuukuu. Mjomba alirudi, akacheza kayamba hadi alasiri bila kuomba mapumziko.

Nawe unayeanzisha studio nyumbani, usinunue kiti kwa macho. Nenda na ala yako. Kaa, ipige, inama, vuta pumzi ndefu, kisha tulia usikilize. Kikilia dukani, kitalia katika kila wimbo utakaorekodi. Kiache hapo hapo.