Nakala Hii Si Halisi

Kompyuta yangu imemwita mpwa wangu feki mbele ya wakwe. Haikutumia neno hilo, wala haikumtaja jina, lakini ukumbi mzima pale Sinza uliielewa hivyo, na tangu Jumamosi simu za dada yangu naziangalia zikiita mpaka zinakata zenyewe.

Kazi niliyopewa na kamati ya sendofu ilikuwa ndogo kuliko zote. Wenzangu walibeba vinywaji, mapambo, ndafu, na kuwafuatilia wachangiaji wanaoahidi laki moja na kutoa elfu kumi. Mimi nilipewa skrini. MC alitaka picha moja kubwa ya bibi harusi mtarajiwa itulie ukutani wageni wakiwa wanaingia; slaidi za utotoni zingekuja baada ya chakula, ule muda wa mama kulia. Nikachukua picha aliyopiga na gauni la bluu, nikaiweka iwe mandhari ya kompyuta, nikaficha vialama vyote, nikaunga projekta. Ikapendeza. Hata mume wa dada, ambaye hanisifiagi kitu, alisema, "Shemeji, hapo umecheza."

Wakwe watarajiwa waliingia saa mbili usiku. Wametoka Moshi, wamechelewa bila wasiwasi wowote, wanacheza kwa mstari, shangazi mtu mzima akiwa mbele na kanga kiunoni. Taa zimepunguzwa. Walipofika katikati ya ukumbi picha ikatoweka. Ukuta mzima ukawa mweusi, na kwenye kona ya chini, kulia, yakabaki maandishi meupe ya Kiingereza. Kwenye giza lile hakukuwa na kitu kingine cha kusoma.

MC hulipwa ili ukimya usitokee. DJ akampunguzia muziki, naye akayasoma kwa lafudhi ile ya redioni, kisha kwa kuwajali wazee akayaweka kwa Kiswahili: "Nakala hii si halisi!"

Shangazi wa bwana harusi alisimama mguu mmoja ukiwa bado hewani. "Nakala ipi?" akauliza. Mzee mmoja wa upande uleule alimwinamia mwenzake, nami kutoka kwenye meza ya mitambo nilimsikia vizuri akitaka kujua kama mahari imeshamalizwa yote au kuna awamu imebaki.

Nikairudisha picha. Makofi, vigelegele, shangazi akashusha mguu. Kumbe Windows 7 ina utaratibu wake: ikishakutilia shaka, inakufutia mandhari kila baada ya saa moja, hata uirudishe mara ngapi. Kwa hiyo saa moja baadaye, ndafu anaingia na majani yake mdomoni, ukuta ukawa mweusi tena. Safari hii MC hakutafsiri; ukumbi ulishajua. Ila kompyuta nayo haikuridhika tena na kona. Ilileta kisanduku katikati ya skrini, kumwonya mhusika kwamba huenda ametapeliwa, ameuziwa bidhaa bandia. Kisanduku kikakaa pale, juu kidogo ya kichwa cha bwana harusi mtarajiwa, wakati anakata kipande cha kwanza cha nyama. Picha zote za ndafu zinacho.

Jumatatu nikaenda Kariakoo kwa fundi aliyenipigia ile Windows. Nilipanda daladala nikiwa nimeshapanga maneno. Hakunipa nafasi.

"Mzee, hiyo imekwisha muda tu. Uliweka antivairasi?"

Niliweka, mwaka jana, kwa kuogopa flashi za watu.

"Basi ndiyo iliyomla seva wako."

Sikuwa na habari kwamba ninamiliki seva. Nikaomba kiti, na hasira zikaniisha, kwa sababu alichonieleza fundi yule ni katika mambo ya ajabu kabisa niliyowahi kusikia kuhusu uaminifu.

Mashirika makubwa hayanunui Windows moja moja. Ofisi yenye kompyuta mia tano haiwezi kumtuma kijana apite meza kwa meza akiandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Kwa hiyo Microsoft huiruhusu ofisi kuwa na mashine moja, seva, yenye mamlaka ya kuwathibitisha wengine wote. Kila kompyuta ya ofisi inaitafuta seva hiyo kwenye mtandao wa ndani na kuuliza: mimi ni halali? Seva inajibu ndiyo, na jibu hilo linadumu siku 180. Kompyuta haisubiri ziishe. Kila baada ya siku 7 inakwenda kuuliza tena, na kila ikijibiwa, hesabu inaanza upya. Na ili mtu mwenye kompyuta mbili nyumbani asijifanye shirika, seva haitoi uthibitisho wowote mpaka iwe imeulizwa na kompyuta zisizopungua 25.

Mafundi wa dunia wakautazama mpango huo na kuona kasoro yake moja: kompyuta inauliza, lakini haimjui anayeijibu. Wakaandika kiprogramu kidogo kinachoishi ndani ya kompyuta yako mwenyewe na kujifanya seva ya shirika. Swali linatoka, linageuka, linarudi mlemle ndani. Kiprogramu kinajibu: ndiyo, wewe ni halali, na wenzako zaidi ya 25 wameshapita hapa. Basi miaka yote ile laptopu yangu, iliyokuwa ikikaa peke yake juu ya meza ya chakula kando ya chupa ya chai, iliamini kuwa ni mwajiriwa wa shirika kubwa lenye idara. Kila wiki ilijiuliza kama ni halali, na kila wiki ilijijibu kwamba ni halali. (Zipo taasisi zinazojikagua kwa utaratibu huohuo, na sijasikia skrini ya hata moja ikigeuka nyeusi.)

Kisha ikaja antivairasi. Ikapekua, ikamkuta tapeli, ikamfuta, ikanionyesha alama ya kijani. Sikumjua marehemu. Kompyuta ikaendelea kuuliza kila wiki na kukosa wa kuijibu, siku zikihesabika chinichini bila mimi kuambiwa, mpaka mwisho wake ukaangukia sendofu. Fundi ananiambia kwamba ingekuwa na uvumilivu wa siku mbili zaidi, aibu hiyo ingetokea nyumbani.

Akaipiga upya, akanitoza upya. Nilipomuuliza kama anauza Windows yenyewe, ile halisi, alinitazama kwa upole, akaendelea kufunga skrubu.

Sasa hapa ndipo ucheshi unaponiishia. Ile laptopu niliinunua. Ilishuka Dar es Salaam ndani ya kontena ikitokea ofisi fulani ya Ulaya, na chini yake bado kuna kibandiko cha Microsoft chenye ufunguo wake, ila herufi zimefutika kwa mapaja ya Mzungu aliyeipakata kabla yangu. Yaani Windows ya mashine hii ilishalipiwa. Ililipiwa ilipokuwa mpya, ikafutwa ilipouzwa mtumba, nami nikalipa duka, nikalipa fundi, nikalipa fundi tena. Katika mlolongo wote huo wa watu waliopokea fedha, anayeitwa mdanganyifu ukutani ni yule aliyekuwa anatoa.

Nikitaka kuinunua mpya, Windows 11 ya nyumbani nchini Marekani inauzwa dola 139. Kwa dola yoyote ya miaka hii hiyo ni zaidi ya laki tatu za Tanzania, na kwa fedha hiyo ukijua kubembeleza unatoka Kariakoo na laptopu ya mtumba yenye chaji yake. Programu ya kuiwashia kompyuta bei sawa na kompyuta! Bei ya namna hiyo inaonyesha tu kwamba aliyeipanga hakuwa ananiwaza mimi.

Na malalamiko yenyewe ni ya zamani. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta wa Marekani akiwaambia kwamba wengi wao ni wezi. Yeye na Paul Allen walikuwa wametengeneza BASIC ya kompyuta ya Altair, ikahifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe mmoja ukachukuliwa kwenye maonyesho kule California, akatokea mtu akaurudufu, na nakala zikagawiwa kwenye klabu ya wapenzi wa kompyuta kwa sharti kwamba anayechukua arudi na nakala nyingine za kuwagawia wenzake. Kariakoo hatujawahi kuwa na utaratibu mzuri kiasi hicho.

Lakini mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Gates huyohuyo, sasa tajiri namba moja wa dunia, aliigusia China. Alisema kwamba maadamu Wachina wataiba, basi afadhali waibe za kwetu. Watakuja kuwa waraibu, na namna ya kuwatoza itapatikana katika mwongo unaofuata. Sikutunga. Aliyasema mbele ya watu na magazeti yakayaandika.

Basi na sisi tukazoeshwa. Kozi ya kompyuta mtaani ni Word na Excel. Tangazo la kazi linadai Word na Excel. Barua ya mtendaji wa kata inataka ifunguke kwenye Word, na isipofunguka, kosa ni lako. Hakuna aliyekuja Tandale kutuuliza tunatumia nakala gani wakati mazoea yanajengwa; maswali yameanza baada ya mazoea kukomaa. Kumvizia mteja mpaka asiweze kuishi bila bidhaa yako, halafu umfedheheshe mbele ya mashangazi wa Moshi, kwa kweli huo si ustaarabu.

Utaniambia nihamie Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na ambayo ni bure kabisa. Nilihamia. Enzi zile Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuwa inakuletea CD mpaka kwenye sanduku lako la posta bila kukudai hata stempu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Jambo OpenOffice, inayozungumza Kiswahili, tangu mwaka 2004. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipopeleka kazi steshenari, aya zikahama kurasa.

Hata kwenye filamu uhalisi haukunisaidia. DVD halisi, zawadi kutoka Uingereza, ilikataa kucheza kwenye deki yangu kwa sababu wenye studio waliigawa dunia kwa kanda, Uingereza ikapewa namba 2 na sisi namba 5.

Ile niliyowekewa kwenye flashi dukani kwa bei ya soda ilicheza, ikaishia dakika chache kabla muuaji hajajulikana.

Kwa filamu za kwetu dhamiri yangu haina raha hata kidogo. Mtu anayepiga picha Bongo muvi kwa fedha ya mkopo si Microsoft. Akiibiwa, anaibiwa chakula cha jioni. Mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu ili halisi ijulikane, na si muda mrefu mtaa mzima ukahamia flashi, ambayo haina pa kubandika stempu. Watengenezaji hao nawalipa ninapowaona wakiuza wenyewe, na nashauri wengine wafanye hivyo kabla ya kunicheka mimi.

Na yanakuja makubwa zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, ukiacha muda wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, na Windows 11 haikubali rasmi kuingia kwenye mashine zisizo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na zenye prosesa za zamani. Kompyuta nzima kabisa, zisizo na kosa ila umri, zinatupwa na ofisi za Ulaya na Marekani. Tunajua zinakokwenda. Zitashuka bandarini, zitafutwa, zitapigwa Windows, kila moja itawekewa kiseva chake cha kuisifia, na zitauzwa kwa walimu, makatibu wa vikundi na wajomba wa bibi harusi.

Kwa hiyo nina ombi, na silipeleki kwa fundi. Umeme Tanzania tunanunua kwa simu, wa elfu mbili, wa elfu tano, kadiri siku ilivyokwenda. King'amuzi tunalipia kwa simu. Ada za watoto tunalipa kwa simu. Kampuni za programu ziweke bei ya mwezi inayolingana na mfuko wa hapa, zitoe namba ya kampuni na kumbukumbu namba kama wenzao wote, kisha ziondoe yale maandishi ya kwenye kona. Tutalipa.