Bei ya Mshikaji

Mpiga picha anayeanza kazi Dar es Salaam hapangi bei. Hupangiwa na kamati ya harusi. Kamati hiyohiyo iliyomlipa mshereheshaji bila kupepesa macho, ikamwaga fedha kwenye mapambo ya kukodi yatakayong'olewa usiku uleule, ikifika kwa mpiga picha inakumbuka ghafla kubana matumizi. "Kwani si kubonyeza tu, mdogo wangu? Tufanyie bei ya mshikaji, na sisi tutakutangaza."

Kijana anapiga hesabu: bodaboda, betri, memori kadi, msaidizi wa kushika taa. Kamera nayo ina umri wake. Shata ya kamera nyingi za bei nafuu hukadiriwa kudumu picha 100,000 hivi, na sendofu na harusi ya ukoo mmoja tu zinakula elfu kadhaa. Kukesha akihariri hakumo kwenye hesabu. Hayo, inaeleweka, ni mapenzi ya kazi.

Anataja laki tatu. Kimya. Kabla hawajatamka neno, anajishusha mwenyewe hadi laki na nusu, kisha anaongeza albamu bure. Mwenyekiti anamshika bega: "Na sahani yako ya pilau ipo, usijali."