Namwona Mke wa Bosi

Mwalimu wetu wa Kiingereza darasa la sita alikuwa na orodha pembeni mwa ubao, ameizungushia mstari ili watoto wa zamu wasiifute: know, want, love, believe, have, see, hear. "Hivi ni vitenzi vya hali," alisema. "Ukivitia -ing, nakutia fimbo." Tukavikariri. Sababu hakutupa, na mwenye fimbo nani amuulize?

Sisi "na" yetu haibagui. Napika, najua, nakimbia, napenda: wote hao hupanda daladala moja. Mwingereza yeye anawapakia kupika na kukimbia, kisha anawaacha kujua na kupenda kituoni, eti hao hawafanyi kitu, wapo tu. (Kupenda hakufanyi kitu! Mtu huyo hajawahi kulipa mahari.)

Nilipokwenda kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Unguja, orodha ilishafutika kichwani. Nikaulizwa habari za familia, nikajibu kifua mbele: "I am having two children." Meneja, Mwingereza, akanitazama tumbo. Kumbe "have" ikitiwa -ing huacha kumiliki ikaanza kutenda: mtu "is having" chakula cha mchana, na mwanamke akiwa "is having" mtoto, mtafute mkunga. Mimi nina ndevu. Kazi nilipata, nadhani ni huruma.

Wiki ya tatu nikaharibu zaidi. Mke wa meneja alikuwa mtu wa soko la Darajani, kila asubuhi na kikapu chake, akivutana na wauza ndizi, nami ndiyo njia yangu ya kazini. Siku hiyo bosi anakunywa chai na wageni, nikaona nilete mazungumzo. "Sir, I am seeing your wife every morning."

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Nikadhani hakusikia, basi nikapaza sauti na kuongeza maelezo: "At the market! Near the bananas!"

Mgeni mmoja mzee akainuka akaenda kuchekea barazani. Mpishi wetu, aliyekula miaka mingi melini, akanishika mkono hadi jikoni.

"Wewe, umemwambia unatembea na mkewe."

"Nimemwambia namwona!"

"Kumwona ni see. Ukisema seeing, hapo mna mambo yenu."

"Mbona daktari anasema anakuwa seeing wagonjwa, na hafukuzwi mtu?"

Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nikaomba radhi kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa bosi anajifundisha mwenyewe kwa sarufi ya Ashton, ile ya 1944. Alisamehe, ila kwa wiki nzima mkewe alipelekwa sokoni na dereva.

Haukupita mwezi, dada yake bosi akawa anakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam. Nikatumwa bandarini Malindi nikampokee.

"Nitamjuaje, bosi?"

"Anavaa gauni jekundu."

"Anavaa? Saa hizi?"

"Ndiyo."

"Ndani ya boti? Na abiria wote wale?"

"Ndiyo, ndiyo. Anavaa na kofia."

Maskini, alikuwa ameichukua "is wearing" ya kwao akaivusha bahari nzimanzima. Kwetu nguo ikishakaa mwilini, mtu amevaa, kama vile amesimama, amelala, ameshika mkoba. Anayevaa ni yule ambaye kichwa bado kinatafuta shingo ya gauni. Nasi tuna vitenzi vyetu vya hali, tumevificha tu ndani ya "me". Ashton ameyaeleza hayo vizuri, lakini bosi hakuwa amefika huko.

Nilisimama gatini naona aibu ya bure, macho chini, hadi mama mmoja wa makamo, gauni jekundu, kofia pana, akaniuliza kama mimi ndiye wa hotelini. Nikambebea sanduku.

Bosi alikuwa mlangoni anasubiri. "Amefika?"

"Amefika, bosi," nikamwambia. "Na kuvaa amemaliza."